Hummingbird Hapandi Mgongo wa Bata: Ukweli wa Safari ya Ndege wa Gramu 3 na Uongo 8 Ambao Wasee Bado Wanaamini

Mwaka jana mwezi wa nane, anti yangu anayeishi Texas alinitumia video WhatsApp. Kandege kadogo kuliko kidole gumba kalikuwa kamesimama hewani mbele ya chupa ya maji ya sukari. Mabawa hayaonekani, unasikia tu mngurumo kama wa feni ndogo. Chini ya video anti akaandika: "Huyu leo natoa chupa yake. Jirani ameniambia nisipoitoa hataenda kwao, na baridi ikija itamuua."

Mimi nikamrushia emoji ya kulia, nikaendelea na shughuli zangu. Sikuwa najua chochote. Wiki kadhaa baadaye ndio nilikaa chini nikaanza kusoma, nikagundua jirani alikuwa amemdanganya anti. Sio kwa roho mbaya. Ni ile tu hekaya inazunguka mtaani miaka nenda miaka rudi mpaka inageuka sheria.

Sasa kama una mtu ng'ambo mwenye chupa kama hiyo, ama wewe mwenyewe umewahi kuona video ya huyu ndege ukashangaa, hii ni yako. Tutaanza na jinsi hii safari inavyofanyika, halafu tuvunje uongo mmoja baada ya mwingine.

Kwanza, huyu ni nani?

Hummingbird kwa Kiswahili anaitwa ndege mvumaji, kwa sababu ya ule mvumo wa mabawa. Na kwa kweli anavuma kila mahali, hata kuliko wasanii wengine wetu. Kuna aina zaidi ya 350 za wavumaji duniani, na wote wanaishi bara la Amerika, kuanzia Alaska kule juu hadi ncha ya Amerika Kusini. Wengi wako maeneo ya joto, hasa kwenye milima ya Andes, nchi kama Kolombia na Ekwado.

Hapa kuna kitu wengi hawajui: wavumaji wengi hawahami mbali. Aliyezaliwa kwenye msitu wenye maua mwaka mzima hana haja ya kupanda nauli. Wengine hushuka na kupanda mlima tu wakifuata maua. Wale wa safari ndefu ni wachache, na ndio tunawazungumzia leo.

Mwenyewe wa video ya anti ni mvumaji wa koo jekundu. Dume ndiye ana hilo koo la kung'aa kama amevaa cheni. Huyu ndiye mvumaji pekee anayezaa upande wa mashariki wa Marekani na Kanada. Ana uzito wa gramu 3 hivi. Chukua sarafu ya shilingi moja, ishike mkononi. Huyo ndege ana kama nusu ya uzito huo.

Na huyo mtu wa nusu bob, kila mwaka anatoka Amerika ya Kati, anaenda hadi Marekani na wengine hadi Kanada kuzaa, halafu anarudi. Bila visa, bila interview ya ubalozi, bila kuuza shamba la mzee.

Anajuaje wakati umefika?

Wengi hudhani ndege huhama akiona chakula kimeisha ama akihisi baridi. Angengoja hayo, angekuwa amechelewa. Kinachomwamsha hasa ni urefu wa mchana. Kule kaskazini, mchana wa Juni ni mrefu sana, halafu kuanzia Julai unaanza kupungua kidogo kidogo. Mwili wa ndege unasoma hayo mabadiliko kama saa ya ukutani. Sisi tunaoishi karibu na ikweta hatuelewi hii kitu vizuri kwa sababu kwetu jua linachomoza saa kumi na mbili na kitu na kuzama saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima.

Saa hiyo ya mwili ikilia, ndege anaanza kumanga kama mtu ametoka kufunga. Anakunywa nekta, anakamata wadudu, anakula tu. Ndani ya muda mfupi uzito unapanda kutoka gramu 3 hadi karibu 6. Jiulize wewe mwenye kilo 65 ukifika kilo 120 kabla ya kupanda basi la kwenda ocha. Kwa mvumaji huo si unene wa aibu. Hayo mafuta ndiyo petroli.

Madume ndio hutangulia kuondoka, wengine mwishoni mwa Julai tayari wako barabarani. Majike hufuata. Watoto waliozaliwa mwaka huo ndio hutoka mwisho, wengi Septemba na wengine hadi Oktoba.

Kuvuka Ghuba ya Mexico

Hapa ndio mambo yanakuwa noma. Kati ya rasi ya Yucatán kule Mexico na pwani ya kusini ya Marekani kuna maji matupu, kama kilomita 800. Ni karibu sawa na kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa barabara, ila hakuna Mtito Andei ya kushuka kunywa chai.

Wavumaji wengi wa koo jekundu huvuka hayo maji kwa mruko mmoja. Safari inachukua kama saa 18 hadi 22, ikitegemea upepo. Mabawa yanapiga zaidi ya mara 50 kwa sekunde na moyo unaweza kupita mapigo 1,200 kwa dakika. Hakuna kushuka, hakuna kunywa kitu. Wengine huondoka jioni wakifika upande wa pili kesho yake.

Kuna wakati hata wanasayansi walikataa kuamini. Hesabu za mwanzo zilionyesha kwamba mafuta ya ndege mdogo hivyo hayawezi kumfikisha ng'ambo. Mwaka wa 1962 mtafiti Robert Lasiewski alipima nguvu ambayo mvumaji hutumia akiruka, akapata kwamba gramu 2 za mafuta zinatosha kuvuka na chenji ikabaki. Kumbe shida haikuwa ndege. Shida ilikuwa hesabu.

Lakini usidhani ni rahisi. Upepo ukigeuka ukampiga usoni, ile chenji inaisha haraka. Wafanyakazi wa mitambo ya kuchimba mafuta baharini huona ndege wadogo wa kila aina wakitua hapo wamechoka kabisa. Wengine hawafiki. Ndiyo maana sio wote huchukua hiyo njia. Wakati wa kurudi kusini, wengi hupita kando kando ya pwani ya Texas hadi Mexico, njia ndefu lakini yenye maua na miti ya kupumzika. Na ukiangalia ramani, utaona anti yangu anaishi karibu na Houston, katikati kabisa ya hiyo barabara. Shika hiyo, tutairudia.

Wengine wawili wa kuheshimiwa

Wa kwanza ni mvumaji wa rangi ya kutu. Huyu huzaa upande wa magharibi, hadi Alaska, na msimu wa baridi wengi huenda Mexico. Safari ya upande mmoja inaweza kufika karibu kilomita 6,000, si mbali sana na safari ya ndege ya abiria kutoka Nairobi hadi London. Na harudi njia aliyokuja nayo. Masika anapanda kaskazini akifuata pwani ya Pasifiki, maua yakifunguka mbele yake. Kuanzia Julai anashuka kupitia milima ya Rocky, kwa sababu wakati huo maua ya milimani ndiyo yamechanua. Anazunguka kama mathree ya route ya mzunguko, akifuata penye abiria wako.

Januari 2010, jike mmoja wa aina hii alikamatwa Tallahassee, Florida, akavishwa kapete kadogo mguuni kenye namba. Juni mwaka huo huo akakamatwa tena Chenega Bay, Alaska, zaidi ya kilomita 5,600 kutoka pale. Pete ile ile, namba ile ile. Hapo hakuna mtu anaweza kuleta ubishi.

Wa pili ni mvumaji jitu wa Amerika Kusini, mkubwa kuliko wavumaji wote, uzito wake ni gramu 20 na kitu. Kwa miaka mingi watu wa Chile walimwona akizaa kwao halafu akipotea, hakuna anayejua vizuri anaenda wapi. Watafiti wakambebesha kifaa kidogo mgongoni kama begi la shule. Mwaka wa 2024 majibu yakachapishwa: anapanda Andes hadi Peru, zaidi ya mita 4,000 juu ya bahari, na safari ya kwenda na kurudi inaweza kufika kilomita 8,300. Tena anapanda polepole, anasimama siku kadhaa kabla ya kuendelea juu, kama tu vile wapanda Mlima Kenya hufanya ili kichwa kisiwapasuke. Na katika utafiti huo huo ikajulikana kwamba waliodhaniwa kuwa aina moja ni mbili: wanaohama na wanaokaa milimani mwaka mzima.

Sawa, sasa tuingie kwa uongo.

Uongo wa 1: "Hummingbird tuko nao hata hapa Kenya"

Hatuna. Hata mmoja. Najua utaniambia uliona moja kwa maua ya bottlebrush pale kwenu. Uliyemwona ni chozi, yule ndege mdogo wa kung'aa mwenye mdomo uliopinda. Chozi na mvumaji sio ndugu, hata sio mabinamu wa karibu. Wanafanana kwa sababu wera yao ni moja, kunywa nekta, na kazi moja huleta umbo linalokaribiana. Njia rahisi ya kuwatofautisha: chozi kwa kawaida hutua kwenye tawi ndipo anywe. Mvumaji husimama hewani, na anaweza kurudi nyuma kama gari limetiwa reverse.

Wengine huona nondo wakubwa wanaoelea mbele ya maua jioni wakidhani ni huyu ndege. Huyo ni mdudu, mhesabu miguu.

Nafikiri sababu nyingine ya hili kosa ni Profesa Wangari Maathai. Alipenda kusimulia hekaya ya huyu ndege mdogo anayebeba maji tone kwa tone kuzima moto msituni huku tembo na wanyama wengine wakubwa wakitazama tu. Tuliisikia kutoka kwa mama yetu aliyeshinda Nobel mwaka wa 2004, tukachukulia ndege ni wetu. Hekaya asili yake ni Amerika Kusini. Funzo ndilo letu sote.

Uongo wa 2: "Anasafiri amepanda mgongo wa bata bukini"

Huu ndio mfalme wa uongo wote. Ukiufikiria una utamu wake: ndege mdogo hawezi kuvuka bahari, basi amepata lifti kwa mkubwa. Lakini ratiba zao hazikutani. Mvumaji anaanza kuondoka mwisho wa Julai, bata bukini wengi wa Kanada huanza kushuka miezi ya baadaye. Halafu hao bata hawaendi Amerika ya Kati. Mvumaji akipanda hiyo basi atashushwa njiani kabla ya stage yake.

Na zaidi ya yote, hakuna haja. Umeona hesabu ya mafuta. Huyu mtu anajilipia nauli.

Uongo wa 3: "Usipotoa chupa ya sukari, hataondoka"

Huu ndio ulimpata anti. Kumbuka tulisema kinachompa ishara ni urefu wa mchana, na chupa yako haiwezi kurefusha mchana. Hakuna ndege mwenye afya atakayebaki nyuma kwa sababu ya sukari ya bure. Saa ya mwili ikilia, anaondoka na kukuacha na chupa imejaa.

Tena kutoa chupa mapema ndiko kunaweza kuumiza. Yule uliyekuwa ukimwona Agosti pengine ameshaenda. Anayekunywa Septemba na Oktoba ni mgeni kutoka mbali huko juu, mara nyingi mtoto wa miezi michache, anayetafuta gramu mbili za mafuta za kumfikisha. Wewe ni petrol station. Ukifunga, atatafuta nyingine, na maua ya porini yapo, lakini siku hiyo amepoteza muda na nguvu. Ushauri wa kawaida ni uache chupa hadi wiki mbili hivi baada ya kumwona wa mwisho.

Uongo wa 4: "Husafiri kwa kundi, wazazi wakiwaonyesha watoto njia"

Hapana. Kila mmoja anasafiri solo. Na hii familia ukiisoma utahurumia. Dume akishapandana na jike, ameingia mitini. Hajengi kiota, haleti chakula, hajulikani. Jike peke yake anajenga kiota kidogo kwa utando wa buibui na nyuzi za mimea, anataga mayai mawili yenye ukubwa wa punje ya haragwe dogo, anaatamia, analisha. Baada ya kama wiki tatu watoto wanaruka, na muda mfupi baadaye mama naye anawaacha.

Yule mtoto hajawahi kuona Mexico. Hajui bahari ni nini. Hana baba wa kumuuliza na mama ameshatangulia. Lakini mchana ukifupika, anakula, ananenepa, anageuza mdomo kusini na kuondoka. Ramani amezaliwa nayo. Mimi niliacha chuo muhula wa tatu, na bado nilihitaji mtu wa kunielekeza ofisi ya kurudisha kitambulisho. Heshima kwake.

Ukiona wengi kwa chupa moja, sio kundi la safari. Ni watu wasiojuana wamekutana kwa kibanda kimoja, na mara nyingi wanapigana.

Uongo wa 5: "Hana miguu, hapumziki kamwe"

Miguu anayo, ni mifupi tu. Hawezi kutembea vizuri, lakini anatua kwenye tawi, na sehemu kubwa ya siku yake anaimalizia akiwa amekaa. Sisi tunamkumbuka akiruka kwa sababu ndiyo tunapiga video.

Usiku ndio kuna maajabu. Usiku wa baridi ama akiwa na mafuta machache, anaingia usingizi mzito wa kuokoa nguvu. Joto la mwili linashuka sana, mapigo ya moyo yanapungua kutoka yale ya mamia hadi machache, unaweza kudhani amekufa. Kwenye Andes ya Peru watafiti walipima mvumaji mmoja ambaye joto lake lilishuka hadi digrii 3.3. Hiyo ni baridi ya friji. Asubuhi anatetemeka, anapasha mwili joto, anaenda kazini. Kwa hivyo ukimpata kwenye tawi asubuhi hatikisiki, usimguse. Mpe muda.

Uongo wa 6: "Anaishi kwa sukari tu"

Ungejaribu wewe kuishi na soda peke yake. Nekta ni nguvu ya haraka, lakini mwili unajengwa na protini, na hiyo anaitoa kwa wadudu wadogo na buibui anaowanasa hewani ama kuwaokota kwenye majani. Watoto kiotani hukuzwa sana na hao wadudu. Mtu akijaza bustani dawa ya kuua wadudu halafu anatundika chupa ya sukari, amempa ndege chai na kumnyima ugali.

Uongo wa 7: "Maji lazima yawe mekundu, na asali ni bora kuliko sukari"

Zote mbili ni makosa. Rangi nyekundu kwenye chupa yenyewe inatosha kumvuta, hakuna sababu ya kutia rangi ndani ya maji. Asali nayo ikichanganywa na maji inamea kuvu haraka, na kuvu hiyo inaweza kumuua.

Fomu iko hivi: kikombe kimoja cha sukari nyeupe ya kawaida kwa vikombe vinne vya maji. Koroga hadi iyeyuke, ngoja ipoe, mimina. Badilisha kila siku mbili tatu wakati wa joto na uoshe chupa kwa maji moto. Ukiona maji yamekuwa na mawingu, mwaga. Ni hayo tu.

Uongo wa 8: "Ukimwona wakati wa baridi, amepotea na lazima aokolewe"

Sio lazima. Pwani ya Pasifiki kuna mvumaji wa Anna, anayekaa huko mwaka mzima hadi British Columbia, Kanada, theluji ikianguka na yeye yupo. Wavumaji wengine wa koo jekundu hubaki Florida na pwani ya Ghuba msimu mzima wa baridi. Na wale wa rangi ya kutu, badala ya kwenda Mexico wote, wengine hushukia kusini-mashariki mwa Marekani. Yule wa Tallahassee alikuwa mmoja wao, na ulishaona alifika Alaska salama.

Na hii moja inakaa uongo lakini ni kweli

"Ni yule yule wa mwaka jana amerudi." Watu wakisema hivi wengine hucheka. Lakini zile pete za miguuni zimeonyesha kwamba ndege wengi hurudi mahali pale pale mwaka baada ya mwaka, hata bustani ile ile. Kuna wenye chupa wanaosema ndege alikuja akaelea mahali chupa ilikuwa imetundikwa mwaka uliopita, kabla hawajaitoa hata stoo. Na wanaweza kuishi miaka zaidi ya unavyodhani. Jike mmoja wa aina nyingine alivishwa pete Colorado mwaka wa 1976, akakamatwa tena hapo hapo mwaka wa 1987, akiwa na angalau miaka 12. Hesabu kilomita za huyo.

Kwa nini ujali?

Kwa sababu hii safari inaanza kuharibika. Mvumaji wa rangi ya kutu amepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1970, na tangu 2018 yuko kwenye orodha ya walio karibu na hatari ya kutoweka. Misitu inakatwa kule anakozaa na kule anakopumzika. Dawa zinamaliza wadudu. Paka wa nyumbani na vioo vya madirisha vinaua ndege wengi sana. Na joto likibadilika, maua yanachanua mapema, huku ndege bado anafuata saa yake ile ile ya urefu wa mchana. Anafika kwenye hoteli, anaambiwa chakula kimeisha jana.

Ukiwa na mtu wako Marekani ama Kanada, mtumie hii. Mwambie aache chupa hadi Oktoba, aibandike alama kwenye dirisha kubwa, apande maua ya asili ya huko.

Na wewe uliye hapa, usijisikie umeachwa. Chozi wako anataka vitu hivyo hivyo: maua, miti, na usipulize dawa kila mahali. Acha ile aloe ya ua imee. Na kama unataka kuona uhamaji kwa macho yako, Kenya iko kwenye njia kubwa ya ndege wanaotoka Ulaya na Asia. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, ndege wamekuwa wakivishwa pete usiku wa ukungu tangu 1969, wengi wao wadogo tu, wakielekea kusini kimya kimya juu ya vichwa vyetu tukiwa tumelala.

Nilimtumia anti haya yote. Hakujibu siku mbili, nikadhani nimemkwaza. Kumbe alikuwa shift za usiku mfululizo. Anti hajarudi nyumbani miaka tisa, makaratasi yake bado hayajakaa sawa, na mazishi ya shosho aliyatazama kwa simu. Aliponijibu aliandika tu: "Kwa hivyo niliwafungia mlango watoto waliokuwa safarini."

Nikamwambia asijilaumu, hakuwa anajua, na maua yalikuwepo.

Mwaka huu Septemba chupa ilikuwa bado imetundikwa. Tarehe 9 Oktoba akanitumia video nyingine. Kandege kengine, koo halina rangi yoyote, pengine mtoto wa mwaka huu. Kalikunywa, kakapumzika kwenye waya, kakanywa tena. Halafu kakaondoka kuelekea kusini, na kwenye video unamsikia anti akikaambia kwa Kikuyu kaende salama.